Siku Niliyomteua Bi Alima

Orodha ile ilikuwa ya hovyo, nimeshasema na ninarudia. Majina matano ya filamu bora, na katika yote matano hakuna hata moja ambalo mtu mwenye akili zake angekaa nalo mpaka mwisho bila kutoka nje kuvuta sigara. Wala mimi si mtu wa kubahatisha. Nina banda la video hapa Palma, kaskazini kabisa ya Msumbiji, nyuma ya soko, tangu mwaka wa elfu mbili na moja. Nimeonyesha filamu za kila nchi, na zile zisizo za Kiswahili nimezifasiri mwenyewe kwa mdomo wangu, nimesimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi. Watu wananiita Adamo Mfasiri. Kwa hiyo nikisema filamu ni mbovu, ni mbovu.

Lakini sikukaa hapa kujisifu. Nataka kumzungumzia Bi Alima Bacar, maana yaliyompata mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tatu yalitokana na orodha hiyo, na kidogo yalitokana na mimi. Haya, si kidogo.

Bi Alima ni mama wa kijiji nilichozaliwa, upande wa kusini wa ghuba ya Tungue, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Palma. Mwembamba, mfupi, sauti ndogo. Ukikutana naye njiani na jembe lake hugeuki kumtazama mara ya pili. Alifiwa na mumewe zamani, akabaki na shamba la minazi na mihogo, akalea watoto kwa shamba hilo hilo. Ana tabia moja inayoudhi: ukimuuliza jambo hakujibu mpaka amefikiri. Unaweza ukanywa chai yako ukaimaliza na ukaosha kikombe. Ila akishajibu, hakuna wa kuongeza.

Ndiyo maana gesi ilipogunduliwa, na kampuni ikaja kusema inahitaji ardhi yetu, na kijiji kikatakiwa kuunda komiti ya watu kumi ya kuzungumza nao habari za kuhama, Bi Alima alichaguliwa kabla ya wanaume wote wenye kelele. Mimi nikaahidiwa kazi ya kuwafasiria, kwa kuwa makaratasi ya kampuni yote ni ya Kireno. Mama yule hakuwa na tamaa ya cheo. Nafasi ile aliitaka kwa sababu moja, na aliniambia: "Adamo, nikiwa ndani nasikia mwenyewe. Nikiwa nje nasimuliwa." Shamba lake lilikuwa katikati kabisa ya eneo walilolitaka.

Sasa filamu. Alikuja binti mmoja, Esperança, mtu wa Mueda, aliyesomea mambo ya kamera huko Maputo. Akakaa nyumbani kwa Bi Alima wiki tatu, akala mihogo, akateka maji, akapiga filamu ya dakika ishirini na nane aliyoiita Majina ya Minazi. Kwa miaka mingi sijaona filamu niliyoipenda kama hiyo, na nitawaambieni kwa nini, mseme wenyewe kama nina kichaa.

Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kinazikwa, na hapo hapo unapandwa mnazi, na mnazi ule unakuwa wake. Basi kwenye filamu anakuja mtu wa kampuni, kavaa koti lile la rangi ya chungwa, ana kopo la rangi na brashi, anaandika namba kwenye miti. Bi Alima anamfuata mti kwa mti. "Huyu Chamima," anasema. "Huyu Amisse, yuko Mtwara." Jamaa anaandika namba, hajibu. Wanafika kwenye mnazi wa nne. Bi Alima hasemi kitu. Anaweka mkono kwenye shina, anauacha pale. Kamera inasubiri. Yule mtu naye anasubiri na brashi yake inadondosha rangi. Halafu anapita bila kuandika. Basi! Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie, hakuna mtu wa kukueleza kwamba mtoto yule alikufa. Nilipoionyesha bandani nilishika kipaza sauti nikakuta sina cha kufasiri, na watu mia na kidogo walikaa kimya kama wako msikitini. Nililia, nasema wazi. Nikasingizia moshi wa jenereta.

Esperança akaipeleka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kwenye shindano la filamu za pwani, ambalo ukumbi na chakula chake vililipiwa na kampuni mojawapo ya hizo zilizokuja na gesi. Walipotoa orodha ya tano zilizopita mchujo, akaniletea diski zote nizione. Afadhali asingeniletea. Filamu ya kwanza, mzungu mmoja kaachwa na mkewe, anakuja kisiwani kumsahau, anatembea ufukweni dakika arobaini, anaokota kombe, anaitazama, anaiweka chini, anaokota nyingine. Ya pili, mtu na mchumba wake wanagombana ndani ya gari Maputo, na gari lenyewe haliendi. Ya tatu imepigwa kutoka kwenye ndege: bahari, mchanga, bahari, mchanga, watu wadogo kama chawa. Ya nne sikuielewa. Ya tano niliielewa, ndiyo mbaya zaidi. Niliwaonyesha wateja wangu hiyo ya ndege, wakaanza kutoka mmoja mmoja, na mmoja akaniuliza mlangoni kama watu wa kwenye filamu wamehama tayari.

Na Majina ya Minazi? Haimo! Wameiacha filamu, wamemchukua Bi Alima peke yake, wamemtia kwenye kundi la mwigizaji bora wa kike. Mwigizaji! Mama yule hajaigiza hata kope. Hao majaji walikuwa wanatazama nini, sahani zao? Nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto.

Hata hivyo ilikuwa heshima, na barua ya heshima haifichwi. Ilifika kwangu siku ya Ijumaa, karatasi nzuri, Kireno kizito. "A senhora Alima Bacar foi nomeada," inaanza, yaani Bi Alima Bacar ameteuliwa, na nusu ukurasa wa maneno ya kujipendekeza, na chini kabisa alama ya kampuni, kubwa kama kisahani. Nikachukua kipaza sauti changu nikaenda kijijini kwa miguu, nikafika watu wanatoka msikitini. Nikapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu!" nikasema. "Bi Alima wetu ameteuliwa! Barua hii hapa, na alama ya kampuni hii hapa! Ameteuliwa!"

Neno lenyewe si kosa. Hata redio za Tanzania zinasema hivyo hivyo, fulani ameteuliwa kuwania tuzo. Lakini hilo la kuwania tuzo mimi nililiweka akiba kwa sentensi ya pili, kwa sababu napenda sentensi fupi, zinapokelewa vizuri, na hiyo ya pili haikupata nafasi. Vigelegele vilinifunika. Na kwetu mtu akiwa nomeado, akiwa ameteuliwa, kuna maana moja tu. Administrador, mkuu wa wilaya, anateuliwa. Mkurugenzi anateuliwa. Unapewa ofisi, unapewa gari, na nduguzo wote wanapata kazi ya kulinda geti. Nikashuka kwenye benchi nimefurahi, watu wananipa mkono, wakanipa na chakula. Nikala, nikarudi zangu Palma.

Asubuhi yake uwanja wa Bi Alima ulijaa. Vijana na kopi za bilhete zao, vile vitambulisho vya serikali, wengine na leseni za udereva ambazo sijui walizipata wapi, maana magari yenyewe hawajawahi kuyagusa. Bibi mmoja alileta kuku kwa ajili ya mjukuu wake. Bi Alima akaniita, nikaja mbio.

"Adamo mwanangu," akasema, "nimeteuliwa nini?"

"Mwigizaji bora, mama. Yaani bado. Umeteuliwa ushindane na wenzako wanne."

Akafikiri. Kuku analia.

"Kwa hiyo sijapata kitu."

"Bado, mama."

"Na hawa wote uani kwangu wanataka fungu katika hicho ambacho sijapata."

"Ndiyo, mama."

"Loh," akasema, akaenda kumrudishia bibi kuku wake. Bibi akakasirika. Akasema kumbe siku hizi Bi Alima anataka mbuzi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wiki ya kwanza walimwita mheshimiwa. Wiki ya pili, hakuna aliyepata kazi, wakasema anawapa watu wa nje. Wiki ya tatu ndipo likatoka neno lenyewe: mtu wa kampuni anakaa kwenye komiti yetu. Anasikia tunayopanga, anayapeleka. Wanawake waliokuwa wakienda naye kisimani wakaanza kutangulia. Mama yule, miaka yote ile, watu wanaazima jembe lake, leo akitoa salamu inajibiwa kwa pua!

Komiti ikakaa. Mwenyekiti ni Suleimane, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu mnene, si mbaya, ila akishashika jambo hata kwa nyundo halitoki. Nikaenda kueleza.

"Mwenyekiti," nikasema, "nomeada ya filamu siyo nomeada ya kazi."

"Ni neno lingine?"

"Hapana, ni neno lile lile."

"Limeandikwa tofauti?"

"Limeandikwa vile vile."

"Ila maana yake nyingine."

"Ndiyo!"

"Na anayejua hivyo ni wewe tu."

"Hata Pemba wanajua!"

"Pemba kwenye kampuni," akasema Suleimane. "Adamo, si wewe uliyesimama juu ya benchi? Si wewe uliyesema ameteuliwa? Ulisema mara ngapi?"

Nilisema mara mbili. Bi Alima alikuwepo, amekaa kwenye mkeka, anatazama mikono yake. Wakamwomba apishe mpaka jambo liangaliwe. Akainuka, akakunja kanga yake vizuri, akatoka. Hakumwangalia mtu, hata mimi. Siku tatu baadaye komiti ilikaa kupanga mipaka ya mashamba yatakayopimwa kwanza, na shamba la kwanza kutajwa lilikuwa la kwake, naye hayumo.

Nikasema hapa dawa ni moja: waione filamu. Hawa watu hawajaiona, wataiona wamjue ni mwenzao. Nikabeba jenereta, televisheni, spika mbili, vyote kwenye mkokoteni, saa tatu njiani kwenye mchanga, mgongo wangu mpaka leo haujanisamehe. Nikafunga mashuka meusi kwenye madirisha ya shule tukaonyesha alasiri. Kijiji kizima kilikuja. Wakanyamaza vile vile kama bandani kwangu. Ulipofika mnazi wa nne nikasikia watu wanafuta pua. Nikajisemea, Alhamdulillahi, yamekwisha.

Taa ikawashwa. Suleimane akasimama, macho mekundu, alikuwa amelia kweli.

"Tumeona kwa macho yetu," akasema. "Anatembea shambani na mtu wa kampuni. Anamtajia miti yake mmoja mmoja."

"Mwenyekiti, yule si mtu wa kampuni! Yule ni Custódio, seremala wa Diaca! Koti aliazima!"

"Adamo," akasema kwa upole, kama anasema na mgonjwa, "nani alikuwa anatuambia kila siku kwamba filamu hii ni ya kweli, humu hakuna anayeigiza?"

Haki ya Mungu, nilitaka kuvunja televisheni yangu mwenyewe. Nilikuwa nimesema. Nilikuwa nimemwambia kila mtu Palma nzima, kwa majivuno, hakuna anayeigiza! Nikapakia vyombo vyangu kwenye mkokoteni, hakuna aliyenisaidia kusukuma.

Bi Alima akanifuata mpaka nje ya kijiji.

"Andika barua," akasema. "Waambie Pemba sitaki."

"Hutaki nini?"

"Hicho nilichoteuliwa. Wafute jina langu."

Nikamkatalia. Nikamwambia mama, katika ile orodha nzima ya upuuzi, jina lako ndilo peke yake lililostahili kuwemo. Hao wengine wanne nimewaona! Mmoja analia mpaka kamasi, mwingine kazi yake kutazama dirishani. Wewe uliweka mkono kwenye mti, nikashindwa kupumua. Mimi nimekaa na filamu miaka kumi na miwili, najua ninachosema. Utashinda. Na hata usiposhinda, jina lako litasomwa ukumbini mbele ya watu wote. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka, pale pale barabarani, na watu wanapita.

Akanisubiri nimalize. Halafu akafikiri, kama kawaida yake.

"Wataniteua mwakani?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Na shamba, wataniuliza mwakani?"

Nikakaa kwenye mkokoteni nikaandika. Nilimsomea kwa Kireno, nikamsomea kwa Kiswahili, akaweka dole gumba chini. Barua ya kukataa heshima pekee ambayo wale majaji waliitoa mahali pake, na mwandishi wake ni mimi. Kuandika kitu kile kuliniuma kuliko kusukuma mkokoteni.

Pemba wakajibu wiki ya pili, wanasikitika sana, wanaheshimu uamuzi wake. Nafasi yake wamempa yule mwanamke wa ndani ya gari. Na tuzo akaichukua yeye! Esperança alinipigia simu kunieleza, nikamwambia asiniambie zaidi, chakula kisije kikanikwama.

Suleimane alisoma majibu yale mbele ya komiti, au tuseme alishika karatasi na mwanawe akamsomea. Ni mtu mgumu lakini haya anayo. Akasema, "Bi Alima, tulikukosea. Rudi mahali pako." Wanawake wakapiga vigelegele, wale wale wa kisimani. Bi Alima akakaa kwenye mkeka, akapanga kanga yake, akasema ahsanteni. Nilijisikia mtu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Wakaingia kwenye shughuli yenyewe. Jumatatu kampuni ingeleta makaratasi ya kuhama, kurasa nyingi, na kila ukurasa ungetakiwa kuelezwa watu kabla hawajaweka dole.

"Mfasiri tunaye," akasema Suleimane. "Adamo huyu hapa."

Nikanyoosha mgongo. Wote wakaitikia, isipokuwa Bi Alima. Alikuwa anafikiri. Nikasubiri, nikitabasamu, nikajua atasema kitu kizuri.

"Adamo ni mwanangu," akasema. "Sina kinyongo naye hata kidogo, Mungu ni shahidi. Lakini kwa makaratasi haya tutafute mtu mwingine."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hata Suleimane hakuuliza. Mimi nilikuwa na maneno tele, nilitaka kusema redio za Tanzania, nilitaka kusema vigelegele, nilitaka kusema miaka yangu yote ya kazi. Nikatazama uso wake, hakuwa amekasirika. Angekasirika ningejua la kufanya.

"Sawa, mama," nikasema.

Wakamchukua Belmira, mwalimu wa shule ya msingi. Jumatatu nilisimama dirishani na wengine tuliokuwa nje. Watu wa kampuni walikuja na kofia zao ngumu, wakaweka makaratasi mezani. Belmira akachukua ukurasa wa kwanza akausoma kimya, kidole mstari kwa mstari, polepole mpaka nikachoka kumtazama, na wale jamaa wanaangalia saa zao. Mimi ningekuwa nimeshafika ukurasa wa tatu. Akafika mahali akasimama, akarudia, akasimama tena.

"Neno hili silijui," akasema. "Naomba mnieleze kwanza, kabla sijawaambia wenzangu."

Bi Alima akasogeza mkeka wake karibu naye. Na mimi pale dirishani nikaanza kuhesabu filamu zote nilizofasiri tangu nifungue banda, nikitafuta siku moja tu, hata moja, ambayo niliwahi kuwaambia watu hivyo. Sikuipata.